Picha imefika, jibu liko wapi?

Saa nane usiku simu ya daktari wa radiolojia inalia. Ametumiwa picha moja ya ultrasaundi, iliyopigwa kwa kamera ya simu kutoka kwenye kioo cha mashine. Mwanga wa taa ya wodini umeangukia kioo na kuacha doa jeupe katikati. Upande wa kulia, pale penye mstari wa vipimo vya kina, pamekatwa. Juu kushoto jina kamili la mgonjwa linasomeka bila shida. Chini ya picha kuna maneno manne: "Dokta, naomba unisomee hii."

Amsomee nini? Aliyetuma, mkunga wa zamu, anajua. Yuko na mama kitandani, ameambiwa damu ilianza kutoka jioni, anajua hedhi ya mwisho ilikuwa lini, ameshika tumbo na kuona mama anavyokunja uso likiguswa upande mmoja. Yote hayo yamebaki chumbani. Kilichosafiri ni vivuli vya kijivu visivyo na kipimo, visivyosema probu, kile kishikio kinachopitishwa juu ya mwili, iliwekwa wapi wala ilielekezwa upande gani. Daktari anarudisha swali. Swali lake linakaa bila jibu kwa sababu mkunga ameshaitwa kitanda kingine. Wanapokuja kupatana, kumekucha.

Kila aliyefanya kazi karibu na mashine hizi anaijua picha ya namna hii, na haitumwi na wazembe. Hutumwa na watu wanaojali, walio peke yao zamu ya usiku, wakitumia walichonacho mkononi. Kosa ni la sisi tunaoizungumzia tiba ya mbali kana kwamba ni kazi ya usafirishaji, tukihesabu picha ngapi zimetumwa na zimekwenda umbali gani. Mimi naona picha inayotumwa ni swali. Swali lililokatwa nusu halijibiki. Na jibu lisipomkuta mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua, wakati hatua hiyo bado ina maana, hakuna kilichofanyika, hata kama picha ilifika ikiwa safi namna gani.

Chombo chenyewe tukipe haki yake, maana kimetoka mbali. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Baadaye ikathibitika kwamba mambo huenda pia kinyume chake: fuwele hizo zikipewa umeme hutetemeka. Mwaka 1958 daktari Ian Donald wa Glasgow, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha katika jarida la Lancet picha za uvimbe wa tumboni zilizopatikana kwa mwangwi wa sauti. Tangu hapo mashine ikawa inapungua ukubwa kila kizazi, kutoka mtambo wa kujaza kona ya chumba hadi ya kusukumwa kwa magurudumu, hadi ya kubebwa kama mkoba. Mwaka 2009 William Richard na David Zar wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis waliunganisha probu na simu janja kwa waya wa kawaida wa kompyuta. Mwaka 2011 kifaa cha kwanza cha ultrasaundi kinachotumia simu janja kilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani. Kufikia 2018 ilikuwa inauzwa probu ya kampuni ya Butterfly kwa chini ya dola 2,000. Ndani yake hakuna fuwele tena, kuna kipande cha silikoni chenye maelfu ya vigoma vidogo mno vinavyotetemeka.

Ila wazo ninaloliona kubwa kuliko yote hayo lilichapishwa 2008 na Boris Rubinsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wao hawakutumia sauti, walitumia umeme hafifu unaopita mwilini. Walichosema ni kwamba si lazima mashine nzima ikae kwa mgonjwa. Kwa mgonjwa pabaki kifaa cha kukusanya vipimo tu, simu ivipeleke kwenye kompyuta kubwa mahali pengine, picha iundwe huko, kisha irudishwe kwenye kioo cha simu ileile. Kwa maneno mengine, kugusa kufanyike pamoja na mgonjwa, kuona kufanyike popote. Tiba yote ya picha za mbali imesimama juu ya utengano huo, na matatizo yake yote yanatoka hapohapo, kwa kuwa katika ultrasaundi kugusa na kuona havitenganishwi kirahisi.

Hili linahitaji kuelezwa polepole. Kamera hupokea mwanga ambao tayari upo. Ultrasaundi hutoa sauti na kusubiri mwangwi. Vipande vilivyo ndani ya probu hutetemeka kati ya mara milioni 2 na milioni 15 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi. Sauti hiyo hupita kwenye nyama laini za mwili kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, na mashine kazi yake ni kupima muda. Mwangwi uliorudi baada ya sehemu 130 za milioni ya sekunde umetoka kina cha sentimita 10. Majimaji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo mkojo ulio kibofuni na maji ya uzazi huonekana vyeusi. Mfupa hurudisha sauti nyingi na kumeza inayobaki, ukaonekana mweupe na nyuma yake giza. Kila picha, basi, ni kipande chembamba kilichokatwa na mkono wa mtu, kama kisu kinavyopita kwenye tunda, na kisu kikiinama kidogo tu unaona tunda jingine.

Chukua mfupa wa paja la mtoto aliye tumboni. Urefu wake ni mojawapo ya vipimo vinavyotumika kukadiria umri wa mimba. Probu ikilala mshazari juu ya mfupa huo, mfupa hukatwa njiani na kuonekana mfupi kuliko ulivyo. Mashine haina habari. Itaupima ule ufupi kwa uaminifu kabisa, itatoa wiki na siku, na namba hiyo itatua kwenye kioo ikiwa nadhifu. Msomaji aliye mbali ataona mstari mweupe na namba. Ataweza kuhisi kitu akiona mwisho mmoja wa mfupa umefifia, lakini hawezi kuinua mkono na kugeuza probu nyuzi kumi. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya ultrasaundi imeundwa na kiganja cha mtu, na kiganja hicho hakimo kwenye faili lililotumwa.

Au chukua moyo. Mama amefika akisema tangu jana mtoto hachezi. Mpimaji anaweka probu, anaona kifua cha mtoto, anasimamisha picha, anaituma. Picha ni nzuri, mbavu zinahesabika, moyo umo ndani yake na vyumba vyake vinaonekana. Je, unapiga? Picha mnato haiwezi kusema. Isipokuwa mashine iwe imechora ule mstari wa mwendo unaoonyesha mapigo, mtoto aliye hai na mtoto aliyefariki saa moja iliyopita wanaweza kutoa picha ileile. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwa nini "tuma picha" ni agizo baya. Sekunde tano za video zingemaliza shaka. Hali kadhalika mapafu: daktari anatafuta kuona utando wa pafu ukiteleza mtu anapovuta pumzi, na mtelezo hauna picha, una mwendo.

Mtu atasema video ni nzito, mtandao hautaibeba. Tufanye hesabu. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, ya vitone 640 kwa 480, kila kitone kikichukua baiti moja, ni kilobaiti 300 hivi. Mashine ikitoa fremu 30 kwa sekunde, sekunde 10 ni megabaiti 92. Kwenye mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya dakika 12, na mkunga hana dakika 12. Lakini video hiyohiyo ikibanwa kwa ustadi hadi megabaiti 5 hupita kwa sekunde 40. Kwa hiyo uzito si kisingizio tena sehemu nyingi zenye mtandao. Kinachotakiwa ni kubana kwa kujua unabana nini. Ultrasaundi ina chembechembe za kijivu kama mchanga uliomwagwa juu ya kitambaa cheusi, na mtaalamu husoma ini, kondo la nyuma au uvimbe kwa namna mchanga huo ulivyotapakaa. Programu za kawaida za kutumiana ujumbe hazikuundwa kwa ajili hiyo. Hupunguza faili ili kuokoa bando, na mara nyingi cha kwanza kupotea ni zile chembe, picha ikabaki laini na ya kupendeza kwa asiyeisoma.

Mashine za picha za tiba zina lugha yao ya pamoja, DICOM, inayotumika kwa jina hilo tangu 1993. Faili la DICOM hubeba picha pamoja na kipimo cha kila kitone, kina, aina ya probu, tarehe na utambulisho wa mgonjwa. Msomaji anaweza kupima mwenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya kioo imeyatupa hayo yote, na kwa bahati mbaya kilichosalia mara nyingi ni jina la mgonjwa pale juu kushoto, kitu pekee ambacho kingestahili kufichwa.

Sasa tupande juu kidogo, hadi kilomita 400 hivi kutoka ardhini. Januari 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha mwanaanga aliyegunduliwa na damu iliyoganda katika mshipa wa shingoni akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, yapata miezi miwili baada ya kuanza safari yake. Iligunduliwa katika kipimo cha ultrasaundi kilichofanywa kwa ajili ya utafiti. Baada ya hapo mwanaanga aliendelea kujipima mwenyewe, akielekezwa na wataalamu wa radiolojia walioko duniani waliokuwa wakiona kioo chake. Kituoni kulikuwa na akiba ya dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, na madaktari waliigawa kwa uangalifu hadi chombo cha mizigo kilipoleta vidonge.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba umbali umeshindwa. Mimi nakisoma tofauti. Umbali ulikuwa sehemu nyepesi. Kisa kilifanikiwa kwa sababu swali lilikuwa moja na wazi: bonge hili linakua au linapungua? Mwenye probu alikuwa na mtu anayemwambia inua, geuza, bana kidogo. Dawa ilikuwepo. Na kila aliyehusika alijua nani anaamua. Ondoa lolote kati ya hayo, hata ukiwa chumba cha pili kutoka kwa daktari, mambo yataharibika.

Maelekezo ya moja kwa moja kama hayo ndiyo njia bora pale yanapowezekana. Yanataka mtandao usiokatika na mtaalamu aliye tayari dakika ileile, na ucheleweshaji wa sekunde mbili tatu tu huvuruga mazungumzo: anayeelekeza anasema "hapohapo, simama" wakati probu imeshapita. Zipo pia roboti zinazoshika probu na kuongozwa kutoka mbali. Kanada wamezitumia kuwapima wajawazito wa jamii za kaskazini mwa Saskatchewan. Ni kazi nzuri, ingawa siamini kwamba ndiyo itakayofika kwenye vituo vingi.

Kinachonipa matumaini zaidi ni kitu kisicho na madoido. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, wakifanya kazi na wenzao wa Peru, walijiuliza: kama mkono wa mtaalamu hauwezi kusafiri, kwa nini tusiache kuhitaji mkono wa mtaalamu? Mtu asiye na ujuzi wa ultrasaundi hufundishwa kwa saa chache kupitisha probu juu ya tumbo kwa mistari iliyopangwa, wima na mlalo, akiongozwa na alama za mwili wa nje kama mbavu, kitovu na mfupa wa kinena. Hatakiwi kutambua chochote kwenye kioo. Anapitisha, mashine inarekodi, video zinatumwa, na msomaji aliye mbali anapata tumbo zima la kupekua badala ya kipande kimoja alichochaguliwa na mtu mwingine. Kama kichwa kipo juu, atakiona. Kama kuna vichwa viwili, ataviona. Kama kondo la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi, mstari wa chini kabisa utalionyesha.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa akili mnemba. Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na Chapel Hill, Marekani, ukachapishwa 2024 katika jarida la JAMA, uliwapa wapimaji wasio na mafunzo ya ultrasaundi probu ya bei nafuu na programu ya kukadiria umri wa mimba kutokana na mipito hiyo isiyohitaji kutambua kitu kwenye kioo. Kwa mimba za wiki 14 hadi 27, makadirio yao yalilingana kwa usahihi na ya wataalamu waliotumia mashine kubwa. Ni jambo la kushangilia. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2016 kwamba kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24, na sababu mojawapo ni umri wa mimba, kwa kuwa bila huo huwezi kumtofautisha mtoto mdogo na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Lakini tazama vizuri ushindi huo ni wa aina gani. Programu ilijibu swali moja lililoandikwa mapema. Yule mama anayetokwa na damu usiku hana swali lililoandikwa mapema.

Na hapa nifike kwenye utafiti ambao kila anayenunua au kufadhili vifaa hivi angepaswa kuufahamu. Unaitwa First Look. Ulifanyika katika nchi tano: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Guatemala, Kenya, Pakistani na Zambia. Wahudumu wa ngazi za chini, wakiwemo wakunga na wauguzi, walifundishwa kupima wajawazito kwa mashine za kubebeka, na kazi yao ikakaguliwa na wataalamu kwa njia ya mtandao. Walijifunza vizuri. Ubora wa kazi yao ulikuwa wa juu. Maeneo yaliyopata huduma hiyo yakalinganishwa na yasiyoipata, na matokeo yakachapishwa 2018. Mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka. Wajawazito wenye matatizo hawakujifungulia hospitali kwa wingi zaidi. Vifo vya mama na watoto havikupungua.

Niliposoma matokeo hayo kwa mara ya kwanza niliyarudia, nikidhani nimekosea mstari. Sijakosea. Mashine zilikuwepo, mikono ilifundishwa, picha zilikuwa nzuri, wakaguzi wa mbali walikuwepo. Na mama waliendelea kufa kama wale wa upande wa pili.

Wapo wanaotumia utafiti huu kusema ultrasaundi haina faida vijijini. Hilo ni kosa la kusoma. Ukweli wake ni mchungu zaidi: picha ilionyesha kondo la nyuma lililotangulia, mpimaji akaandika rufaa, na rufaa ni karatasi. Baada ya karatasi kuna nauli, kuna mume au mama mkwe wa kukubali, kuna barabara, kuna hospitali ambayo huenda haina damu ya kuongeza wala daktari wa upasuaji siku hiyo. Ultrasaundi haiongezi hata kimoja kati ya hivyo. Humwambia mama mapema kwamba atavihitaji. Kama havipo, umemwongezea hofu, basi.

Ndiyo maana nasisitiza safari ya kurudi. Jibu la picha ya mbali linapaswa kuundwa kwa umakini uleule uliotumika kuunda probu, na sioni likiundwa. Kwa sasa mahali pengi ni fadhila. Daktari anajibu kwa kuwa ana moyo mwema, kwa simu yake, kwa bando lake, baada ya saa za kazi. Namheshimu. Lakini fadhila haina zamu. Akilala, akisafiri, simu ikizimika, hakuna wa pili, na aliyetuma hajui kama jibu linakuja baada ya dakika 5 au haliji kabisa. Hatari kubwa kuliko zote imejificha kwenye ukimya huo. Alama mbili za bluu zinaonyesha ujumbe umesomwa, dakika zinapita, na mtu aliyechoka anaanza kuutafsiri ukimya kuwa ni habari njema: angeona tatizo angeshasema.

Mkataba wa kusoma picha unapaswa kusema nani yuko zamu, nani wa pili wake, na jibu la dharura linatoka ndani ya muda gani. Msomaji alipwe, na kazi hii ihesabiwe kwenye saa zake. Na jibu lenyewe liwe na sehemu ambayo mara nyingi hukosekana: kile ambacho hakikuonekana na sababu yake.

Nitoe mfano mmoja unaobeba mzigo wote huu. Mwanamke kijana ana maumivu chini ya tumbo, kipimo cha mkojo kinaonyesha ana mimba, na ultrasaundi inaonyesha kizazi kitupu. Picha ni safi, mtandao ni mzuri, msomaji ni bingwa. Kizazi kitupu maana yake nini? Huenda mimba ni changa mno, bado haijaonekana, arudi baada ya siku kadhaa. Huenda ilitoka jana. Huenda imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija uko njiani kupasuka. Picha moja, na njia tatu zinazotofautiana kama kurudi nyumbani na kuingia chumba cha upasuaji. Kinachozitenganisha ni mambo yasiyomo kwenye picha: tarehe ya hedhi, damu aliyotoa, presha, mapigo ya moyo, kama amezimia, na mara nyingi kipimo cha damu kinachorudiwa baada ya siku mbili. Msomaji akiandika "kizazi hakina mimba" amesema kweli, na kweli hiyo inaweza kumrudisha msichana nyumbani akafie huko. Akiandika "sijaona mimba ndani ya kizazi, sijaonyeshwa mirija, mimba ya nje bado inawezekana, asiruhusiwe kuondoka, pima presha kila nusu saa na uniambie" amefanya utabibu. Maneno kumi na nane zaidi, na ni hayo yanayohitaji kufundishwa, kudaiwa na kulipiwa.

Vivyo hivyo upande wa kutuma. Programu ya kutuma picha isikubali faili bila swali. Iulize umri, dalili, tarehe ya hedhi kama inahusika, probu ilikuwa wapi, na jambo ambalo mtumaji anahofia. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu mkunga mwenye miaka mingi kazini huhofia jambo sahihi kabla picha haijapatikana, na hofu yake ni taarifa ya kitabibu. Pia "picha haitoshi, rudia hivi" liwe jibu la kawaida lisilo na aibu kwa upande wowote. Msomaji anayelazimika kutoa jawabu kwa kila picha atajikuta anakisia.

Kuhusu siri za mgonjwa sitasema mengi, kwa kuwa jambo liko wazi ingawa halifuatwi. Picha ya ndani ya mwili wa mtu ikikaa kwenye simu binafsi, kati ya picha za harusi na za watoto, mwenye mwili hakukubali hivyo. Aulizwe, aelezwe inakwenda kwa nani, na jina lifutwe kwenye picha yenyewe, si kwenye jina la faili tu.

Lililo gumu ni jingine. India ilipitisha sheria mwaka 1994, ikairekebisha 2003, kuzuia watu kutafuta jinsia ya mtoto aliye tumboni, kwa sababu mimba za watoto wa kike zilikuwa zinatolewa. Sheria hiyo inadai kila mashine ya ultrasaundi isajiliwe, na mashine za kubebeka zikawekewa masharti makali. Hapo kuna mgongano wa kweli kati ya mema mawili. Probu ya mfukoni inamfikia mama aliye mbali na hospitali, na probu hiyohiyo ikishikwa na mtu mwenye nia mbaya haikaguliki kirahisi kama mtambo uliofungwa ukutani. Sikubaliani na wanaotaka kufuta masharti, na sikubaliani na wanaotaka probu zibaki mijini. Njia naiona kwenye kumbukumbu: kila probu na msomaji wake wajulikane, kila kipimo kiandikwe kimefanywa na nani, kimesomwa na nani, saa ngapi, na jibu likawa nini. Kumbukumbu hiyo pia ndiyo itakayoamua pale jibu likikosewa, maana leo hii anayetuma hudhani dhamana imehamia kwa msomaji, na msomaji hudhani imebaki kwa anayemgusa mgonjwa.

Kwa hiyo mkija kuonyeshwa probu mpya, na mwonyeshaji akaiweka mkononi mwake mwenyewe ili mwone mshipa wa damu ukicheza kwenye kioo cha simu, itazameni, inastahili kutazamwa. Kisha mwombeni kumbukumbu za mahali ambapo probu hiyo imeshafanya kazi mwaka mzima. Tafuteni kipimo kimoja kilichotumwa usiku. Angalieni kimetumwa saa ngapi, kimejibiwa saa ngapi, na kwenye safu inayofuata kumeandikwa nini kuhusu mgonjwa.